Bunduki ya Mjomba

Masama, Moshi
8 Februari 1953

Ndugu yangu Eliufoo,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima. Mama ameacha kukohoa tangu mvua zilipokatika, na amenituma nikuulize kama huko Nairobi unakula au unashinda na chai. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mume wangu Efraimu anakusalimu pia. Yuko shambani anapogoa kahawa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana tulikuandikia kwamba binti yetu Elinipendo ana ugonjwa wa sukari, na kwamba daktari wa Moshi amesema ataishi kwa sindano, asubuhi na jioni, siku zake zote. Nilidhani kazi itakuwa kupata dawa. Dawa tunapata. Naiweka ndani ya chungu kando ya mfongo, pale maji ya shamba yanapopita, nayo haiharibiki. Kazi ni sindano yenyewe. Mtoto wa miaka kumi, Eliufoo! Akinisikia nachemsha bomba la sindano anaanza kutetemeka. Efraimu anamshika miguu, mimi nambana kwa goti, na mkono wangu nao unatetemeka. Sindano inaingia polepole, inakwama, naitoa, narudia. Mapaja yake yamejaa madoa meusi. Juzi aliniuliza, "Mama, unanichukia?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Wewe ni fundi saa. Ndani ya saa kuna vitu vinavyokwenda vyenyewe bila mkono wa mtu. Je, haiwezekani sindano nayo ikaenda yenyewe, haraka, mtoto asiione? Kama ni neno la kijinga, ulicheke, kisha unijibu.

Dada yako,
Tabitha


Nairobi
1 Machi 1953

Dada Tabitha,

Shikamoo. Mwambie Mama nakula, tena nakula ugali mpaka nimesahau ladha ya mtori wa ndizi. Afya yangu nzuri. Kazi ipo, tajiri wangu Mhindi ameleta saa za mezani kreti mbili, zote zimeingia maji.

Sikucheka. Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikamsomea Yakobo, fundi mwenzangu, mtu wa Nyeri, ambaye benchi letu ni moja. Akaniambia, "Sindano inauma kwa sababu anayeichoma anamhurumia mtoto. Huruma ndiyo inayoichelewesha." Nimefikiri sana juu ya hilo. Kamani ya saa, ule utepe wa chuma unaojikunja na kujikunjua, haina huruma. Ukiiachia, inakwenda mara moja.

Lakini nahitaji kujua mambo. Bomba lina urefu gani? Unene gani? Sindano inatakiwa iingie kiasi gani chini ya ngozi? Dawa isukumwe kwa haraka au polepole? Muulize daktari, usikisie. Kama kuna bomba bovu mnipe, mpeni Alawi, yule gadi wa treni anayekaa Majengo, hapo Moshi. Anafika huku kila wiki mbili na ni mtu mwaminifu. Ni afadhali kuliko posta.

Mji huu umekuwa mzito tangu watangaze hali ya hatari. Lakini hayo hayakuhusu.

Mdogo wako,
Eliufoo


Masama
12 Aprili 1953

Ndugu yangu,

Tumekula Pasaka salama. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje kwenye mvua. Mama alikutafutia mchumba palepale ibadani, akanionyesha kwa kidole.

Ninampa Alawi bomba lenye ufa alilonipa daktari. Anasema sindano iingie kiasi cha kucha ya kidole kidogo, isizidi, isije ikafika kwenye nyama. Iingie haraka. Lakini dawa yenyewe isukumwe taratibu. Alicheka kidogo, akasema, "Mwambie kaka yako hayo ni mambo mawili tofauti kwa chombo kimoja." Nikamwambia wewe ni mdogo wangu, na unaweza.

Hapa katikati Elinipendo aliugua siku chache. Sasa ni mzima. Usiulize zaidi, fanya haraka tu.

Tabitha


Nairobi
30 Mei 1953

Dada Tabitha,

Shikamoo. Nimepona homa iliyonilaza siku nne. Mwambie Mama yule mchumba asubiri, nina kazi.

Hii hapa, mkononi mwa Alawi. Ni mrija wa shaba, na bomba la kioo linalala ndani yake. Kuna kamani mbili. Ya kwanza ina nguvu na inarusha bomba zima mbele, sindano inatoka kwenye tundu, inasimama pale pete inapoizuia. Unene wa pete ndio unaopima kiasi cha sindano kuingia, haiwezi kuzidi hata ukikasirika. Hapo inafungua njia kwa kamani ya pili, dhaifu, inayosukuma dawa. Hesabu mpaka kumi ndipo uondoe. Kuna komeo dogo pembeni. Lisipoinuliwa, haifyatuki hata ikianguka.

Ya kwanza niliitengeneza kwa kamani ya gramafoni, ikavunja kioo. Ya pili ilikuwa dhaifu, ikaingia kama mkono wako. Nilijaribu kwenye chungwa, kwenye nyama ya bucha, mwisho kwenye paja langu mwenyewe, mara kumi na saba, nikitumia maji yaliyochemshwa. Hii unayoipokea sikuisikia ilipoingia. Nilisikia mlio tu.

Chemsha kioo na sindano kila mara. Shaba usiichemshe, ipanguse kwa spiriti. Kila Jumapili tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kamani, maana huko kwenu kuna unyevu na chuma kinachoka.

Yakobo alichonga ile pete. Hakuiona imekamilika. Hayupo kazini siku hizi.

Eliufoo


Masama
21 Juni 1953

Eliufoo ndugu yangu,

Aika, asante! Mungu akupe maisha marefu. Wote tu wazima, na leo naandika nikiwa nimekaa, sijawahi kukaa saa hii ya jioni tangu mwaka jana.

Siku ya kwanza nilimwambia Elinipendo afumbe macho. Nikaweka mrija pajani, nikainua komeo, nikabonyeza. Ta! Akafumbua macho akauliza, "Utaanza lini?" Efraimu alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama katikati ya migomba, ameshika kichwa.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mwezi wa tatu mtoto alitoroka kwa sababu ya sindano. Alijificha kwa bibi yake, mama yake Efraimu, akamdanganya kwamba nimeshamchoma, siku mbili nzima. Tulimkuta amelala, anapumua kwa kishindo, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, hasikii akiitwa. Efraimu alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Daktari alisema tungechelewa masaa matatu tungezika. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Mtoto alikuwa anakimbia mkono wangu.

Yeye mwenyewe ameipa jina: bunduki ya mjomba. Asubuhi ananiita, "Mama, lete bunduki!" Tumeificha chini ya kitanda watoto wa jirani wasije wakaifyatua.

Dada yako mwenye furaha,
Tabitha


Nairobi
5 Julai 1953

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mpe mtoto pole yangu na mbusu.

Neno moja, na ulishike. Jina lile alilolipa mtoto, usiliandike tena kwenye barua. Wala habari ya kuficha chini ya kitanda. Wala kufyatua. Andika "saa". Saa imefika, saa inafanya kazi. Barua yako ya mwisho ililetwa na Alawi, hiyo ni bahati. Usitumie posta mpaka nikwambie.

Usiniulize kwa nini. Ninampa Alawi karatasi hii, lakini amesema anapelekwa kwanza njia ya Kisumu, atafika Moshi atakapofika.

Eliufoo


Masama
19 Julai 1953

Ndugu yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa posta kwa kuwa Alawi haonekani stesheni wiki ya tatu sasa. Mama anakusalimu. Kahawa imeanza kuiva, na bei wanasema itakuwa njema.

Nina habari kubwa. Nilimpelekea daktari ile bunduki. Aliifyatua mara tano mezani kwake, akaigeuza huku na huku kama mtoto. Anasema ana wagonjwa wengine, mmoja ni mzee wa Chekereni asiyeona vizuri, na mwingine ni mama mwenye mikono ya kutetemeka. Anauliza kama unaweza kututengenezea bunduki nyingine mbili, na baadaye labda kumi. Nikamwambia wewe unaweza hata ishirini, ukipata shaba na kamani. Utuletee kimyakimya kwa treni kama ile ya kwanza, maana daktari anasema zikipita forodhani zitatozwa ushuru.

Elinipendo amenenepa. Anakimbia mpaka shule.

Tabitha


Masama
9 Agosti 1953

Eliufoo,

Alawi amefika jana na karatasi yako ya tarehe tano Julai. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilikuwa nimekwisha kutuma barua nyingine kwa posta. Uliipata? Niliandika mambo ndani yake. Nijibu hata mstari mmoja. Andika tu kwamba saa ni nzima.

Dada yako


Masama
27 Septemba 1953

Eliufoo,

Hii ni ya nne tangu uninyamazie. Alawi anasema alikwenda dukani kwenu, akakuta mtu mwingine amekaa kwenye benchi lako. Alipouliza, Mhindi alimwambia, "Nenda zako, nenda haraka," akafunga dirisha.

Mama nimemdanganya kwamba umehamishiwa Mombasa.

Na huku nyumbani saa imetuletea balaa. Elinipendo alianza tena kunywa maji kama ugonjwa ulipoanza. Anaamka anakwenda mtungini, anarudi, anakwenda tena. Amekonda shingo. Nilidhani dawa imeharibika, nikaibadilisha. Haikusaidia. Mpaka juzi nilipotazama kioo kabla ya kukiosha, nikaona nusu ya dawa imebaki ndani. Ile kamani dhaifu imechoka. Saa inaingiza sindano vizuri kabisa, mtoto haumii, anacheka, na dawa haiingii. Wiki ngapi? Sijui. Mafuta nilitia kila Jumapili kama ulivyosema.

Sasa ikishaingia namalizia kwa kidole gumba, nasukuma mchi wa bomba kwa mkono wangu. Amepata nafuu. Lakini kila nikisikia ule mlio wa ta, siuamini.

Niandikie. Fundi ni wewe peke yako.

Tabitha


Kambini
15 Novemba 1953

Dada Tabitha,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima. Tunaruhusiwa barua moja kwa mwezi, na isizidi ukurasa mmoja.

Nilichukuliwa tarehe 3 Agosti. Walikuta mirija ya shaba sita niliyojaribia, kamani na pete. Wanasema ni silaha. Nimewaeleza ni ya dawa. Wanasema nionyeshe mgonjwa. ▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇ Waliniuliza pia habari za Yakobo. ▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇▇

Kuna mtu wa jirani aliyenichongea kwa wivu. Ni huyo tu. Usitafute sababu nyingine.

Usije huku. Mwambie Mama lolote. Kamani ikichoka, rudini kwenye bomba la kawaida, msingoje.

Eliufoo


Masama
10 Januari 1954

Ndugu yangu Eliufoo,

Sote tuko hai. Naomba Mungu usome hii, na anayeisoma kabla yako naye aisome mpaka mwisho, maana sina siri.

Tarishi wa chifu wetu, mangi, alikuja tarehe 5 asubuhi. Akasema ninaitwa bomani Moshi, niende na kile kitu nilicholetewa kwa treni. Hakukitaja jina. Efraimu alitaka kuja, tarishi akamwambia, "Mama peke yake." Nikasema, basi na mtoto, kwa sababu kitu ni cha mtoto.

Tuliingia kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Karani alisimama pembeni kutafsiri, na askari wawili mlangoni. Bwana akauliza, "Kiko wapi?" Nilipoingiza mkono kikapuni, askari mmoja alinyanyua bunduki yake kweli, akanielekezea. Nikaganda. Sikuweza kuutoa mkono wala kuuacha.

Elinipendo ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya shuleni, kama anayesomea darasa: "Bwana, ni ya dawa. Nikiikosa nitakufa. Mama, nipe."

Akaichukua kikapuni. Nilikuwa nimekwisha kuijaza nyumbani kwa sababu saa yake ilikuwa imewadia. Nikaomba moyoni: ikubali, leo tu ikubali. Akapandisha gauni, akaweka pajani, akainua komeo. Mlio ulipotoka, Bwana Shauri alirudi nyuma na kiti chake. Mtoto akahesabu mpaka kumi kwa sauti, kisha akaniita nimalizie kwa kidole. Alipoiondoa palikuwa na tone moja la damu, dogo kama kichwa cha pini. Akalionyesha.

Kisha Bwana akanyoosha mkono, akaipokea, akachungulia ndani ya tundu, akauliza, "Nani alitengeneza?" Nikasema, "Yule mliyemfunga."

Daktari ameandika barua ndefu ya kukutetea. Bwana naye ameandika. Zimeondoka Moshi tarehe 7. Bunduki wamebaki nayo, wanasema ni ushahidi. Tumerudi nyumbani na bomba tupu la kioo.

Dada yako,
Tabitha


Nairobi
28 Machi 1954

Dada Tabitha,

Shikamoo. Wameniachia wiki iliyopita. Nimepewa siku arobaini na tano niondoke Kenya. Hati hii mbaya ni yangu, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uliumia kambini. Vidole vitatu havikunjiki. Si jambo la kuandika.

Yakobo hatarudi. Mkewe ndiye aliyeniambia.

Nitakuja kwa treni ya Voi. Nakuomba jambo moja: usije na mtoto stesheni. Atatazama mkono, atauliza, na mtoto yule ana akili. Sitaki ajumlishe dawa yake na mkono wangu. Mwambie niliangukiwa na mashine.

Wala wewe usijumlishe. Nilikwambia, ni jirani. Barua zako hazikuhusika.

Eliufoo


Masama
11 Aprili 1954

Eliufoo,

Hatujambo. Mvua ya masika imeanza, barabara ya kwetu imekatika mara mbili. Mama anapika tangu juzi kana kwamba unakuja na kikosi.

Acha kunidanganya, mdogo wangu. Sikukuandikia yote mwezi wa kwanza. Mezani kwa Bwana Shauri palikuwa na barua. Niliujua mwandiko kabla sijakaa. Ilikuwa yangu ya tarehe 19 Julai. Kila niliposema bunduki walikuwa wamepiga mstari kwa wino mwekundu. Kimyakimya kwa treni, mistari miwili. Karani aliisoma yote kwa sauti mbele ya mtoto: bunduki mbili, labda kumi, unaweza hata ishirini. Nilikuwa nasikia maneno yangu, na kama ningekuwa askari ningekukamata mimi mwenyewe.

Kwa hiyo Elinipendo anajua. Alikuwa palepale. Kesho yake asubuhi nilipochemsha bomba alinyoosha mkono. Nikampa. Sindano tupu, bila kamani, bila pete, anaiona yote. Alijichoma mwenyewe, polepole, machozi yanamtiririka, na mkono wake haukutetemeka. Tangu siku ile sijamchoma tena. Anasema yeye ndiye aliyetoa lile jina, si mimi. Nimemkatalia. Bado tunabishana.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la sale. Nimelikata mpakani mwa shamba la ukoo, kihamba cha baba, nikalifunga fundo kama wazee wanavyomfungia anayeomba msamaha. Unajua anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa. Lakini sitaki ukubali kwa sababu ya desturi. Ukiona huwezi, shuka stesheni uende kwa Alawi Majengo, atakupokea, nami sitakufuata.

Tabitha


Nairobi
20 Aprili 1954

Dada,

Shikamoo. Jani limefika. Bahasha walikuwa wameifungua, lakini jani hawakulitoa. Nimekaa nalo siku tatu.

Nilikasirika, nisikufiche. Kule ndani nilikuchukia wewe kabla ya kuwachukia wao, maana wewe nilikujua. Ndiyo sababu nilimzua jirani. Hakuna jirani. Nilitaka awepo.

Nimelipokea, si kwa desturi.

Treni inaingia Moshi Jumamosi ya tarehe mosi Mei, saa nne asubuhi. Mlete Elinipendo. Nitahitaji mtu wa kunishikia mzigo, na nitamwonyesha mkono mimi mwenyewe.

Eliufoo